Sahani ya Mgeni

Ottilia alianza kusomea shahada ya uzamili akiwa na miaka thelathini na sita, na kijijini kwao Ukata, Mbinga, mwanamke wa umri huo huulizwa mambo mengine kabisa. "Utasoma mpaka lini?" shangazi zake walimwuliza kila likizo. Yeye alicheka tu, maana jibu alilokuwa nalo lisingewaingia. Alikuwa amefanya kazi ya ofisa maendeleo ya jamii huko Dodoma kwa miaka kumi na miwili. Alihamasisha vikundi vya akina mama wafuge kuku, kuku wakafa. Wafungue duka la pamoja, duka likafa. Akaandika ripoti, akahamasisha upya. Mwishowe akajiambia kwamba kuna jambo asilolijua kuhusu watu na maendeleo yao, na kwamba jambo hilo lazima litakuwa chuo kikuu.

Chuoni Dar es Salaam alipangiwa chumba na msichana wa miaka ishirini na mitatu aliyemwita mama. Wenzake darasani walikwenda kula pamoja jioni bila kumwambia, si kwa ubaya, ni kwa haya tu. Nani anataka kupiga soga mbele ya mama? Ottilia akala peke yake mwaka mzima, kitabu amekiegemeza kwenye bilauri ya maji. Alijifunza maneno makubwa: maendeleo shirikishi, haki ya kijamii, sauti ya wanyonge. Aliyapenda kwa dhati, na mimi sitamcheka kwa hilo. Ilikuwa mwaka wa tisini na nane, viwanda vinauzwa, vyama vya ushirika vimelala chali, na walimu wake walisema kwamba sasa wananchi itabidi warudi kwenye taasisi zao wenyewe, zile za mababu.

Siku moja kwenye semina akasimulia habari za sengu. Kwa Wamatengo wa zamani, alisema, watu wa ukoo mmoja hawakula kila mtu kwake. Kila mke alipika akapeleka chakula uani kwa mzee wa ukoo. Wanaume walizunguka bakuli moja, wanawake na watoto wakazunguka jingine pembeni, na hapo hapo, mkono ukienda na kurudi, mashauri ya ukoo yakasemwa yakaisha: nani hana mbegu, nani anampiga mkewe, mtoto wa nani apelekwe shule. Mgeni peke yake ndiye aliyewekewa kiti na sahani yake. Marehemu baba yake alikuwa akisimulia hayo machozi yakimlengalenga.

Profesa aliyemsimamia akavua miwani. "Hiyo ndiyo tasnifu yako, Ottilia. Usitafute nyingine."

Shida ilikuwa moja tu, sengu yenyewe ilikuwa imekufa. Ilikufa watu walipokusanywa kwenye vijiji vya ujamaa, kila mtu akawekwa kando ya barabara na jiko lake. Huwezi kwenda kutazama kitu kinavyofanya kazi nacho kimekufa miaka ishirini na mitano. Basi Ottilia akamwandikia baba yake mkubwa, Dunstan, kaka wa marehemu baba yake, akimwomba kama ukoo ungeweza kuifufua, walau mara moja, ili aone na aandike.

Jibu lilifika ndani ya wiki mbili. Hilo peke yake lingetosha kumshtua, maana Dunstan hakuwa mtu wa kujibu barua. Salamu za Krismasi za ndugu zake alikuwa akizijibu Pasaka. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," alimwandikia. "Sengu itakaa mwezi wa saba. Ukoo mzima unakusubiri."

Wiki hiyo hiyo ilikuja barua ya mama yake, Luisa, iliyoandikwa na katekista kwa sababu Luisa hakujua kuandika. Ilikuwa fupi. "Baba yako mkubwa anapitapita sana Mtoni siku hizi. Njoo tuongee." Ottilia akaziweka barua zote mbili katika faili moja, ila ile ya baba mkubwa ndiyo aliyoipigia mstari.

Mtoni lilikuwa shamba. Baba yake Ottilia alipewa na babu alipooa, kilima kizima kinachoteremka mpaka kwenye kijito, kahawa juu, ngoro chini. Ngoro ni mashimo, yamepangwa mlimani mistari kwa mistari ili mvua isichukue udongo, na kazi yake imegawanywa tangu enzi: mwanamume hufyeka nyasi kwa nyengo na kuzilaza miraba miraba, mwanamke huchimba katikati na kufunika nyasi kwa udongo. Baba alipofariki, mwaka wa themanini na saba, watu walitazamia kwamba Luisa atarudi kwao Lundo, ziwani, maana hakuwa Mmatengo. Luisa akachukua nyengo ya marehemu akafyeka mwenyewe. Walimcheka. Walisema ndiyo maana wanaume wa ziwani wanakaa majini, wanawakimbia wake zao. Yeye alilaza nyasi, akageuka, akashika jembe, akachimba, miaka kumi na miwili kazi za watu wawili, na maharage ya Mtoni ndiyo yaliyomlea Ottilia wakati mshahara wa serikali ulikuwa hauji. Hakuwa na kitu kingine duniani isipokuwa binti huyo na shamba hilo.

Dunstan alikuwa amelimezea mate siku nyingi. Lakini tumtendee haki, hakuwa mwizi. Mwanawe Meshack alikuwa amepunguzwa kazi Songea baada ya kiwanda kupata mwenyewe mpya. Alirudi na mke na watoto watatu, wakawa wanalala kwenye jiko la baba yake, na kijana wa miaka thelathini na minne alikuwa hana hata pa kuchomeka fimbo ya muhogo. Baba gani angelala usingizi?

Ottilia alipanda Mbinga Julai, baridi imekaza, na kibali cha mkoa, kibali cha wilaya na kibali cha kata mkobani. Alifikia kwa mama yake. Usiku ule wa kwanza walikula ugali na maharage kutoka bakuli moja, kama ilivyokuwa tangu utoto wake, vidole vyao vikigongana.

"Wanalitaka Mtoni," Luisa alisema.

"Hawawezi, mama. Kuna sheria mpya ya ardhi imepita bungeni mwaka huu. Mjane hanyang'anywi."

"Hiyo sheria inaijua njia ya huku?"

Ottilia akacheka. "Mimi si nipo?"

Luisa akatulia. Tangu barua yake ilipoondoka alikuwa akilisubiri neno hilo, na sasa alikula kwa hamu, akamsukumia mwanawe maharage yaliyobaki.

Sasa lisikilizwe kosa lenyewe, kwa sababu ni kosa la msomi, mtu asiyesoma asingeliweza. Ottilia alikuwa amefundishwa kwamba mtafiti mwaminifu haharibu anachokitazama. Kwa hiyo kabla ya siku ya sengu alikwenda kwa mzee Nazari, mkubwa wa ukoo, mbele ya wazee wengine, akawasomea vibali vyote vitatu. Kisha, kwa hiari yake, bila kulazimishwa na mtu, akawasomea karatasi ya nne aliyoiandika mwenyewe: kwamba atakaa, atasikiliza, ataandika, wala hataingilia shauri lolote kwa namna yoyote ile. Akaweka na saini.

Wazee wakatazamana. Dunstan alipiga makofi taratibu. "Umesema vizuri, Bibi Mtafiti," alisema. Mpaka asubuhi ile alikuwa akimwita mwanangu.

Siku yenyewe wanawake walipika tangu alfajiri. Ua wa mzee Nazari ulifagiliwa, mikeka ikatandikwa, watu ambao hawakusalimiana tangu uchaguzi wa serikali ya kijiji wakaketi goti kwa goti. Ottilia alifika na daftari na kinasa sauti, akaamkia, "Shikamooni, baba zangu," akataka kwenda kuketi mkekani upande wa wanawake, kando ya mama yake.

"Hapana, hapana," mzee Nazari alisema. "Mgeni hakai chini."

Akaletewa kiti. Kilikuwa kiti pekee uani, na mbele yake kikawekwa kigoda, na juu ya kigoda sahani nyeupe ya bati yenye maua, ugali wake, mboga yake, kipande chake cha nyama. Ottilia aliitazama sahani ile. Alitaka kusema mimi si mgeni, mimi ni mtoto wa ua huu. Lakini pale juu alikuwa anawaona wote vizuri, wanaume na wanawake, na mtafiti hutaka nafasi ya namna hiyo. Akawasha kinasa sauti. Halafu mzee Nazari akatangaza kwamba kwa heshima ya mgeni wataongea Kiswahili, wasiongee Kimatengo, na hapo pia Ottilia hakupinga, ingawa Kimatengo ndicho alicholilia akiwa mchanga.

Na sengu, jamani, ilikwenda vizuri. Hilo ndilo lililomponza. Vijana wawili waliogombania mpaka wa shamba wakapatanishwa kabla bakuli halijafika nusu. Mama mmoja asiye na mbegu ya mahindi akaahidiwa debe. Watu walicheka, walitaniana, mzee mmoja akalia akiwakumbuka waliokufa. Kalamu ya Ottilia ilikuwa inakimbia kwa furaha, maana kila alichosoma katika vitabu alikuwa anakiona kwa macho. Alikwisha kuanza kuiona sura ya tano ya tasnifu ikijiandika.

Ndipo Dunstan alipofuta mikono.

"Nina jambo la Mtoni," alisema. Hakupayuka. Alieleza habari za Meshack, watoto wake, jiko wanalolala. Alisema shamba ni la ukoo, babu alimpa mtoto wa ukoo, naye mtoto huyo amelala kaburini. Alisema shemeji Luisa amefanya kazi kubwa, wala hakuna mwenye kubisha, lakini sasa ni mtu mzima, ndugu zake wapo Lundo, na hapa hana mtoto wa kiume. Nyumba abaki nayo. Mtoni apewe Meshack. Meshack mwenyewe alikuwa ameinamisha kichwa, anachora chini kwa kijiti.

Mzee Nazari akageukia upande wa wanawake. "Luisa, una neno?"

Luisa alisimama. "Neno langu analo mwanangu," alisema, akaketi.

Wote wakatazama kiti.

Ottilia aliijua sheria kwa kifungu. Alijua namba zake na tarehe ya kupitishwa. Aliijua pia ile karatasi ya nne, yenye saini yake, iliyokuwa imekunjwa kwenye mfuko wa koti la mzee Nazari. Akifungua mdomo, kikao hiki si cha kwao tena, ni chake. Mwaka mzima wa kazi unakwenda na maji, profesa atamwuliza alichokiona ni sengu au ni yeye mwenyewe. Alijiambia atazungumza nao kesho, kwa utulivu, nje ya kikao. Alijiambia mambo mengi kwa muda mfupi sana. Tuseme ukweli, aliogopa.

"Mgeni hana neno," Dunstan alisema kwa upole, kama anayemsaidia.

"Kuna anayepinga?" mzee Nazari akauliza. Akangoja. Kuku akapita katikati ya mikeka. "Basi limekwisha."

Ottilia aliandika kwamba maridhiano yalifikiwa saa tisa kasoro dakika ishirini, na kwamba hakuna aliyepinga.

Jioni alimkuta mama yake anaosha vyombo. Alitaka kumweleza habari za mtafiti na anachokitazama, lakini kwa lugha gani? Luisa hakugeuka.

"Nilidhani hukusikia," alisema. "Kumbe ulikuwa unaandika."

Asubuhi Ottilia alikwenda kwa Dunstan na sheria mkononi. "Shikamoo, baba mkubwa. Jambo la jana halikubaliki. Mjane ana haki yake."

"Marahaba. Jana ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Ulizibwa mdomo?"

"Hapana, ila..."

"Ningekusikiliza, Ottilia." Na inawezekana kabisa alikuwa anasema kweli. "Ungesema jana wewe kama mtoto wa marehemu, wazee wangekusikiliza. Tungeligawa labda. Lakini ulisema wewe ni mgeni, ukakaa kiti cha mgeni, ukala sahani ya mgeni. Leo unakuja na nini?"

Alikwenda ofisi ya kijiji. Mwenyekiti alimsikiliza, akamwomba muhtasari wa kikao, akasoma polepole akifuata mstari kwa kidole. "Maandishi ni ya kwako," alisema. "Hapa, hakuna aliyepinga." Akamrudishia daftari kwa mikono miwili. Waswahili husema mchimba kisima huingia mwenyewe. Huyu alichimba, akaingia mama yake.

Ottilia alibaki Ukata wiki tatu zaidi, maana ratiba ilisema wiki tatu. Alihoji watu arobaini na mmoja. Luisa alimpikia kila siku, akamwekea maji ya kuoga, hakumsusia hata salamu. Kitu kimoja tu kilibadilika: alikuwa anamwambia kula, mimi nilishakula. Ottilia akala peke yake, taa ya kibatari mbele yake, akimsikia mama yake chumba cha pili hajalala.

Dar es Salaam akaandika mwaka mzima. Sura ya tano ilipita bila kurekebishwa. Mtahini mmoja alisema ni nadra kuona taasisi ya jadi ikitatua mgogoro wa ardhi kwa saa moja, bila gharama wala uhasama, na kwamba serikali ingefaa kuisoma. Ndani yake Luisa alikuwa mjane wa umri wa miaka sitini na mbili, mtoa habari namba kumi na saba. Ottilia alisimama siku ya mahafali kwenye joho jeusi, akipigwa picha peke yake na mpigapicha wa kukodi. Aliagizwa atabasamu, akatabasamu.

Habari ya mama yake ilimfikia kwa barua ya Meshack. Mwandiko ulikuwa mbaya na maneno machache. Mama mdogo amekwenda kwao, aliandika, ameondoka baada ya kuvuna maharage ya mwisho. Tulimwambia abaki nyumbani, hakutaka. Nyengo ya marehemu ameichukua. Nisamehe, dada.

Desemba, Ottilia akapanda roli la mizigo kutoka Mbinga, likateremka kona kwa kona mpaka joto likaanza na ziwa likaonekana chini, akalala Mbamba Bay, kesho yake akafika Lundo. Aliuliza nyumba ya Luisa. Msichana aliyekuwa anaanika dagaa hakuelewa.

"Luisa yupi? Yule Mmatengo?"

Miaka arobaini kule mlimani walimwita mtu wa ziwani. Ottilia alisema ndiyo, huyo huyo.

Ilikuwa nyumba ndogo ya nyasi, nyuma ya nyumba ya mjomba. Mteremko mzima kuzunguka hapo ulikuwa na mihogo kama kawaida ya Lundo, isipokuwa kipande kimoja. Kipande hicho kilikuwa na ngoro. Safu nne tu za mashimo, zimepangwa kwa uzi, kwenye udongo wa kichanga uliokuwa unaporomoka, na ukingo mmoja ulikuwa umetengenezwa tena siku hiyo hiyo. Luisa alikuwa ndani ya shimo la mwisho na jembe lake. Ottilia alisimama akamtazama mgongo, akalia hapo hapo njiani bila kujificha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Luisa alipanda juu, akajifuta mikono kwenye kanga. Alimshika mwanawe shavu. Hakuwa na hasira. Hasira ingekuwa nafuu. "Umekonda. Umeshamaliza masomo?"

"Nimemaliza." Ottilia akatoa tasnifu mkobani, jalada gumu jeusi, maandishi ya dhahabu. Luisa aliipokea, akaipima uzito mkononi, akafungua kurasa, akapitisha kiganja juu yake.

"Mimi niko wapi humu?"

Ottilia akamwonyesha. Ukurasa wa themanini na nane, mtoa habari namba kumi na saba. Luisa alitazama pale kidole kilipokuwa. "Jina hamkuandika?"

"Hairuhusiwi, mama. Ni kwa ajili ya kuwalinda wanaohojiwa."

"Ah." Akaifunga, akaiviringisha kwenye kipande cha kanga, akaiweka juu ya sanduku lake pasipovuja. "Hamna shida. Asante kwa kuniletea."

Jua lilipoinama Luisa alipika. Ottilia aliketi mkekani, karibu na mafiga, akingoja bakuli. Alikuwa ameshanawa mikono. Mama yake akaingia ndani akakaa kidogo, akatoka na kiti cha kuazima kutoka kwa mjomba, akakifuta vumbi, akakiweka mahali pasipo moshi. Kisha akaleta sahani. Ilikuwa mpya, bado ina karatasi ya dukani chini yake. Ugali wake, samaki wake mzima, ndimu pembeni. Yeye mwenyewe alibaki chini, na sufuria.

"Mama, tule pamoja," Ottilia alisema.

"Kaa tu kwenye kiti, mwanangu," Luisa alisema. "Umetoka mbali."

Ottilia akakaa.